Naomba ushauri: shotigani ya geji 12 au geji 20?

Habari zenu wakuu. Nipo Mafinga, natafuta shotigani moja tu (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; 12 ni mpana kuliko 20) ya kuwindia kanga na kwale msimu ukifunguliwa, na ya kulengea visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Kibali cha silaha nafuatilia.

Nimejaribu geji 12 ya mjomba, mwenyewe akiwepo, kwa risasi za gramu 32 (uzito wa gololi zilizo ndani ya risasi moja). Inapiga kweli, ila baada ya visahani 25 bega liliwaka moto (nina kilo 58 tu). Geji 20, gramu 24, ni nyepesi kupanda nayo vilima, lakini visahani vya mbali vilinipita. Labda shabaha yangu ndiyo mbovu.

Je, geji 12 kwa risasi za gramu 24 itanipunguzia teke? Na risasi za geji 20 zinapatikana Iringa au Mbeya, au mpaka Dar?