Mrejesho: chumvi ya pinki na dawa ya tezi ya shingo

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kama mtu anayetumia levothairoksini, yaani dawa ya tezi ya shingo, anaweza kunywa maji ya chumvi ya pinki kila asubuhi ili kuzipa nguvu tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo. Asanteni kwa majibu, hata nyie mlionikejeli.

Daktari alinipima presha nikiwa nimelala, kisha nimesimama, akakagua fizi na mistari ya viganja kama imekuwa myeusi, maana hizo ni dalili za adrenali kufeli. Halafu akapima damu kuona kotisoli, homoni ya adrenali, saa mbili asubuhi. Iko sawa. Anasema adrenali zikifeli kweli, mtu huanzishiwa haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, kabla ya dawa ya tezi ya shingo, la sivyo dawa hiyo inaweza kumwangusha vibaya. Chumvi peke yake haimwokoi.

Na hiyo ya pinki karibu yote ni sodiamu kloraidi kama ya dukani, tena nyingi haina madini joto. Presha yangu nayo inapenda kupanda, basi nimeachana nayo.

Alichobadilisha ni vidonge vya madini ya chuma: sasa nameza masaa manne baada ya dawa ya tezi ya shingo, maana chuma huizuia isifyonzwe vizuri. Uchovu bado upo kidogo. TSH, kipimo cha damu cha tezi ya shingo, tunarudia baada ya wiki sita.