Maji ya kisima yamegeuka kutu njiani Mbinga–Tanga. Chupa hii niipeleke wapi?

Suka wa Pongwe:
Assalaam aleikum wakubwa. Mimi dereva wa lori, nyumbani Pongwe, Tanga. Tangu serikali izuie makaa ya mawe ya kutoka nje, 2016, safari zangu nyingi ni za Ruvuma. Napakia upande wa Mbinga, napita Njombe, Makambako, Iringa, Chalinze, Segera, nashusha huku nyumbani. Kule nimeoa. Mgodi uko juu ya kijiji cha wakwe zangu, nusu saa kwa miguu.

Mama mkwe ana kisima cha kamba nyuma ya nyumba, na bondeni kuna kijito wanachoogea watoto. Mwaka huu mawe ya kijito yameingia rangi ya chungwa, yanateleza, na pembeni maji yana utando kama mafuta. Kamba ya kisima nayo imebidi aiunge iwe ndefu, maji yameshuka. Safari iliyopita nikachota maji ya kisimani kwenye chupa ya dukani, meupe kabisa, nikaiweka nyuma ya kiti. Siku ya nne nafika Pongwe, chini ya chupa kuna kutu kama ya sufuria kuukuu. Mke wangu aliitazama akanyamaza.

Simshtaki mtu, riziki yangu inatoka kwenye makaa hayohayo. Nauliza tu, chupa hii niipeleke wapi?

Mzee wa Maabara:
Waaleikum salaam. Chupa hiyo mwaga, mwanangu.

Maji ya chini ya ardhi mara nyingi hayapati hewa ya kutosha, kwa hiyo chuma kilichomo huwa kimeyeyuka na macho hayakioni. Kikikutana na hewa kinageuka kutu na kutua, na kwa kufanya hivyo kinaongeza asidi. Maji uliyofika nayo Pongwe siyo uliyoyachota. Ulichojua ni kwamba kuna chuma, na mimi nimeona visima vingi vya mabondeni vyenye kutu mahali ambapo hajawahi kuchimba mtu.

Utando ule uchokoe kwa kijiti. Ukivunjika vipandevipande kama kioo, ni vijidudu wanaoishi kwa chuma. Ukijikunja na kurudi kuungana, hayo ni mafuta kweli.

Sasa makaa. Ndani yake na kwenye miamba yake mara nyingi mna pairiti, yaani salfa iliyoshikana na chuma. Ikiwa imefunikwa chini haina neno. Ikifukuliwa ikapata hewa na mvua, inatoa asidi na salfati, chumvi itokanayo na salfa. Chuma hutua njiani, salfati husafiri na maji mbali. Na mwamba ukiwa na chokaa, kama huu wetu wa Amboni, asidi huzimwa: unapima pH, kipimo cha asidi, unaiona nzuri, kumbe salfati iko juu. Ndiyo maana mimi huuliza salfati kwanza.

Nunua vipimo vya mfukoni, cha pH na cha EC, kile kinachoonyesha chumvi zilizoyeyuka. Pimia palepale mtoni. Mahali patatu, siku moja: juu ya mgodi, chini yake, na kijito cha jirani kisichopita mgodini. Mahali palepale kila safari. Kisima kipime alfajiri kabla hajachota mtu: kamba isiyonyumbuka, fundo kila nusu mita, kitu kizito mwishoni, toka ukingoni mpaka usikie maji. Kiangazi visima hushuka vyenyewe, kwa hiyo miezi miwili haisemi kitu. Mwaka mzima, na kisima kingine mbali na mgodi cha kulinganishia.

Tingo Mstaafu:
Suka, beba makaa. Maji waachie wenye maji.

Suka wa Pongwe:
Mwenye maji ni mama mkwe. Unataka nilale wapi nikienda?

Binti wa Zigi:
😂 Mimi natokea Amani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu walipoingia misitu yetu, mto Zigi uliteremka kama chai ya maziwa, na mto huohuo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, mnakunywa nyie wa Tanga mjini. Tulikwenda ofisini na maneno matupu. Tukaulizwa: kabla yake maji yalikuwaje? Kimya.

Kaka, mgodi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, Sheria ya Mazingira ya 2004, na humo hali ya maji kabla ya kuchimba inapaswa kuandikwa. Iombeni kupitia serikali ya kijiji. Na usihangaike na ofisi ya maji ya bonde letu la Pangani. Kijito kikiangukia Ruhuhu, wenyewe ni Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi iko Tukuyu. Kikienda Ruvuma, ni bonde jingine.

Suka wa Pongwe:
Nimerudi jana. Kijiti nimechokoa, utando umevunjika. EC juu ya mgodi 84, kijito cha jirani 91, chini ya mgodi 390. pH 6.9, 7.0, 6.6. Kisima mita saba na kidogo. Nimeandika kwenye daftari la safari, karibu na dizeli.

Mzee wa Maabara:
Hiyo 390 inataka kutazamwa, lakini ni siku moja. Mvua?

Suka wa Pongwe:
Ilipiga usiku kucha.

Mzee wa Maabara:
Iandike hiyo mvua. Safari ijayo rudia pakiwa pakavu. Chota pia chupa moja ya kupimia salfati, jaza mpaka juu, iweke kwenye barafu, uipeleke maabara ya maji ya hukohuko siku hiyohiyo. Usiniletee Tanga.

Suka wa Pongwe:
Sawa mzee. Barafu nitaomba kwa wauza samaki wa Mbamba Bay, asubuhi huwa wako Mbinga mjini.