Nawezaje kumfikishia mama maua mabichi Tukuyu yakiwa bado hai?

Fundi Friji (Mbagala)

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mtu anayeijua Mbeya ya leo, maana mimi nilitoka Tukuyu mwaka 2009 na siku hizi narudi kwa misiba na Krismasi tu.

Mama yangu anatimiza miaka 70 Jumamosi ya tarehe 18 Aprili. Alikuwa mkunga katika zahanati za Rungwe kwa miaka 33. Bati nilishamwezekea, simu anayo, vitenge dada anamtumia kila mwaka. Safari hii nataka nimpelekee maua. Ya plastiki anayo juu ya kabati tangu harusi ya dada, na kila Jumamosi anayafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Nataka maua yaliyokatwa shambani, yenye maji ndani ya shina.

Mwaka jana tulimzika mama mdogo. Mashada yalijaa kaburini mpaka udongo hauonekani. Watu walipotawanyika mama akabaki amekaa, akaniambia taratibu, "Huyu hakuwahi kuletewa hata ua moja wakati pua yake inanusa." Sijalala vizuri tangu siku ile. Mtandaoni tunaandikiana "apewe maua yake" tukimaanisha sifa. Mama yangu nataka apewe maua yenyewe.

Nilishajaribu Krismasi iliyopita nikashindwa, naeleza ili msinirudishe njia ileile. Nilinunua mawaridi 24 hapa Dar, muuzaji akasema yametoka Arusha. Kwa kuwa kazi yangu ni friji na viyoyozi, nikajua adui ni joto. Nikatafuta boksi jeupe wanalobebea samaki, nikapanga chupa 4 za maji yaliyoganda pembeni, mawaridi katikati, nikazungusha selotepu. Saa 10 alfajiri nilikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi, nimelipia mzigo na kuandika namba ya mpwa wangu kwa maka peni. Basi liliharibika njiani likaingia Mbeya usiku mkubwa. Boksi likalala ofisi ya mizigo, likapanda Costa ya Tukuyu kesho yake saa 4 asubuhi.

Mama alinipigia: "Yamefika mwanangu, mazuri sana." Mpwa ndiye aliyenitumia picha. Yaliyogusa chupa yalikuwa meusi kama yameunguzwa na pasi. Ya katikati yalikuwa yamefunguka yote, shingo zimelala. Matatu ndiyo yalikuwa na uhai, mama aliyatia kwenye glasi na kuyaweka mbele ya picha ya baba. 21 yalikuwa kwenye ndoo.

Nani anajua njia ya uhakika? Gharama nitaibeba.

Mama Maua (Uyole)

Mwanangu, pole, na hongera kwa moyo huo. Napamba makanisa na kumbi hapa Mbeya mwaka wa 11 sasa na nina bustani ndogo Uyole, kwa hiyo nisikilize: usitume ua lolote kutoka Dar. Ni zaidi ya kilomita 800. Ua linapita joto la Morogoro na Ruaha Mbuyuni, linapanda Kitonga, linakutana na baridi ya Iringa na Makambako, na muda wote huo halijanywa hata tone. Yako yalishasafiri kutoka Arusha kabla ya kuanza safari hiyo. Kutoka huku Uyole mpaka Tukuyu ni kama kilomita 60 tu. Maua ya mama yako yakatwe huku huku kwenye baridi.

Aprili mvua bado ipo, hivyo mawaridi siyategemei sana, majani yake yanashika madoa meusi. Ila dalia zimejaa, nyekundu iliyokolea na za rangi ya chungwa. Gladiola zipo. Kando ya mfereji nina yale meupe yenye umbo la faneli, yanayopenda tope.

Watu wengi wanakata maua yote kwa namna moja, na hapo ndipo wanapoharibu. Dalia ukiikata ikiwa tumba itabaki tumba mpaka ife, kwa hiyo naikata ikiwa imeshafunguka. Gladiola ni kinyume. Naikata maua mawili ya chini yakiwa ndiyo kwanza yanaonyesha rangi, yaliyobaki yanafunguka yenyewe kwenda juu, leo moja, kesho moja. Mama yako akipokea Jumamosi, hata Alhamisi atakuwa na ua jipya. Na natumia kisu kikali. Mkasi butu unaminya shina, mirija ya maji inaziba.

Nitayakata Ijumaa jioni jua likishapoa, yakae kwenye ndoo kivulini yanywe usiku kucha. Jumamosi alfajiri binti anayenisaidia apande Costa stendi ya Nanenane na ndoo ndogo yenye maji ya vidole vinne, aishike katikati ya magoti. Isiende kwenye buti wala juu ya keria. Wewe utalipa nauli yake ya kwenda na kurudi na chai yake. Bei ya maua tutaelewana pembeni.

Mkwe wa Mafinga

Mkuu, naongeza jambo ambalo lilinitokea, na linaniuma mpaka leo.

Miaka mitatu iliyopita nilimtumia mama mkwe maua Mafinga alipotoka hospitali. Fundi aliyatengeneza vizuri, lakini kwa umbo alilolizoea, mduara, meupe matupu, utepe wa zambarau. Kijana wa bodaboda akafika nayo mtaani akiuliza, "Kwa mama fulani aliyekuwa mgonjwa ni wapi?" Unaelewa kilichofuata. Jirani aliyaona yakipita, akafunga genge lake, akajifunga kanga, akaja analia. Wakafuata wengine wawili. Mama mkwe alitoka mwenyewe mlangoni kuwapokea watu waliokuja kumlilia, akiwa na jeraha la upasuaji la wiki moja. Alikaa siku nzima bila kula. Aliniambia kwa upole kwamba nia yangu ameiona, ila alijisikia kama ametangulizwa.

Miji yetu midogo inalijua shada kwa msiba. Mahafali wanavikwa yale ya kumetameta, harusi wana yao, lakini maua mabichi yakibebwa kuelekea nyumba ya mtu mzima, watu wanauliza nani katutoka. Kwa hiyo yasiwe mduara, yawe fungu lililosimama, la kushika mkononi. Rangi ziwe zimechanganyika. Zambarau na meupe matupu achana nayo. Na kabla hayajaingia mtaani, mtu mmoja wa nyumbani na jirani mmoja anayeaminika wajue kuna sherehe ya kuzaliwa. Mama mwenyewe unaweza kumficha. Jirani usimfiche.

Fundi Friji (Mbagala)

Shikamoo Mama Maua. Nimekutumia ujumbe.

Mkuu wa Mafinga, asante sana, pole kwa lililokupata. Hilo la shada sikuliwaza kabisa, na mama yangu ana presha. Kuna mzee jirani, mwalimu mstaafu, nitampigia kesho.

Msafiri wa Tazam

Mbona unajisumbua? Kitulo si ipo jirani hapo, maua ya bure yamejaa. Mtume kijana akuvunie.

Kijana wa Matamba

Ndugu Msafiri, tafadhali usimshauri mtu hivyo. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, haichumwi hata jani. Sisi wa Makete tunaiita Bustani ya Mungu, na ni hifadhi iliyowekwa hasa kwa ajili ya mimea. Okidi peke yake zinahesabiwa aina 45. Tumeshaumia vya kutosha kwa watu wanaochimba viazi vya okidi kwenda kuviuza Zambia vikapikwe chakula kinachoitwa chikanda. Okidi ikichimbwa kiazi chake, hapo hairudi. Nilipokuwa mdogo kuna bonde karibu na kwetu lilikuwa la njano kila Januari. Sasa hivi ni majani matupu.

Fundi, kama mama ana nguvu, mpeleke mwenyewe ayaone yakiwa yamesimama. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ndiyo msimu. Ukipitia Chimala utapanda zile kona 57, barabara tunayoiita Hamsini na Saba, nenda polepole na umbebee sweta. Kule juu ni zaidi ya mita 2,600, hata mchana upepo unauma.

Bwana Shamba Mstaafu

Nimefurahi kuona kijana anauliza hivi. Kwanza nieleze yale mawaridi ya Krismasi, maana fundi wa friji atanielewa haraka. Baridi ilikuwa wazo sahihi, kosa ni barafu kugusa ua. Petali ni mifuko midogo ya maji. Maji yakiganda ndani yake yanatanuka, mfuko unapasuka, na ikiyeyuka unabaki na ule weusi unaoteleza. Yale ya katikati yalikufa kwa kiu na joto chupa zilipoyeyuka.

Pili, na hili kwa Tukuyu ni kubwa: ndizi. Ndizi mbivu inatoa gesi inaitwa ethilini, ndiyo inayoivisha ndizi jirani yake mnapovundika. Gesi hiyohiyo inayaambia maua mengi kwamba muda umekwisha, yanaangusha petali au yanajikunja. Kanesheni ni kati ya yaliyo dhaifu zaidi. Parachichi linaloiva nalo linatoa. Sasa nyumba gani ya Rungwe haina mkungu jikoni? Mwambie mpwa wako asiyaweke meza moja na ndizi mbivu, wala chumba kilichovundikiwa ndizi. Costa nayo, binti asikae karibu na tenga la matunda.

Yakifika, shina likatwe tena kwa mshazari, upana wa kidole, majani yote yatakayozama yaondolewe kwa sababu yanaoza na kuchafua maji. Lita moja ya maji, kijiko cha chai cha sukari, na matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe (bleach, siyo sabuni) ili bakteria wasizibe mirija. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili. Yasikae dirishani penye jua.

Fundi Friji (Mbagala)

Wakuu, narudi na majibu. Leo ni Jumatatu, nilisubiri niongee na kila mtu kwanza.

Ijumaa jioni Mama Maua alinitumia picha ya ndoo: gladiola 9 za rangi ya waridi, dalia 12 nyekundu na za chungwa, na yale ya faneli 3 tu, yamezungukwa na majani mpaka weupe wake hauogopeshi. Utepe wa njano. Binti alipanda gari la kwanza Nanenane. Mvua ilianza Kiwira na ilikuwa bado inanyesha waliposhuka Tukuyu, akavua khanga yake akafunika ndoo. Binti, kama unasoma, nimekutumia ya khanga mpya.

Mwalimu jirani alikuwa amesimama njiani na mwamvuli tangu saa 2 asubuhi. Alitembea mbele akiwaambia watu, "Tunaenda kwenye sikukuu ya mkunga wetu." Kwa hiyo wamama waliokuja walikuja wanapiga vigelegele.

Mama alikuwa anachambua maharage. Mpwa anasema aliyaona, hakusema kitu. Aliinuka, akaenda kwenye ndoo ya maji, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajikausha, ndipo akaja na kunyoosha mikono yote miwili kuyapokea. Nimemwona akifanya vile mara nyingi sana nikiwa mtoto, nikimsubiri nje ya chumba cha kuzalishia. Nilikuwa juu ya ngazi, kiyoyozi cha watu kimefunguliwa, nikashuka nikakaa chini.

Aliponipigia alisema, "Yana ubaridi." Halafu, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Halafu akaanza kunihesabia matumba ya gladiola moja moja, yapi yamefunguka na yapi bado, mpaka salio likaisha.

Bwana Shamba, ndizi zimehamishiwa stoo. Mpwa aliandika maelekezo yako kwenye karatasi na kuyabandika ukutani. Mama tayari ameyasahihisha. Anasema maji yabadilishwe kila siku, zahanati hawakai na maji ya juzi.

Leo asubuhi amenipa kazi. Ile dalia nyekundu kabisa anataka kuijua jina, na anataka mbegu yake aipande kando ya njia ya kuingilia. Mama Maua, inawezekana?

Mama Maua (Uyole)

Marahaba mwanangu, maana ile shikamoo yako sikuijibu. Binti amerudi na mkungu wa ndizi na parachichi 15 kutoka kwa mama yako, mwambie vimefika.

Dalia ile hatupandi mbegu, ukipanda mbegu inaweza kutoka rangi nyingine kabisa. Inapandwa kwa viazi. Sasa hivi bado inachanua, nikiichimba nitaiua. Mwambie asubiri baridi ya Julai ikaushe majani, nitamchimbia viazi vitatu vyenye macho, avihifadhi kwenye mchanga mkavu, na mvua za Novemba zikianza avipande kina cha kiganja, penye jua la asubuhi na maji yasiyotuama. Jina silijui, mimi nilipewa na mama mmoja wa Isongole, naye aliikuta nyumbani kwao.

Julai nitavipeleka mwenyewe. Nataka nimwone.