Ugaga umetoka, harufu imerudi: nakosea wapi kwenye fizi?

Chikongola_Mifugo (Mtwara mjini)
Wakuu salaam. Mbwa jike, miaka 7, kilo 16, mlinzi wa ghala la korosho. Alisafishwa meno kwa skela ya mkono (kikwanguo cha ugaga, yaani uchafu mgumu wa meno) chini ya nusu kaputi ya ketamini na zailazini, meno yakawa meupe kabisa. Wiki 3 baadaye mdomo unanuka tena na fizi za magego ya juu zinavuja damu ukizigusa. Vifaa vilivyopo: skela 2, kyureti ya Gracey 13/14 (kikwanguo cha chini ya fizi), probu ya Williams (kijiti chenye alama za mm cha kupimia kina). Mashine ya mtetemo hakuna. Jambo la pili, maungio ya koleo yameanza kutu ilhali limeandikwa ni chuma kisichoshika kutu. Naomba msaada.

Msimbati_Vet
Mkuu, umeondoa kinachoonekana. Ugonjwa uko chini ya ukingo wa fizi, na skela haifiki huko bila kuumiza. Ina ncha kama ya mkuki na umbo la pembetatu, kwa hiyo ukiishusha inachana nyama. Kyureti ina ncha ya mviringo na mgongo laini, hiyo ndiyo ya mfukoni, yaani nafasi kati ya fizi na jino.

Iingize uso wake ukiwa umelala kwenye mzizi, shuka hadi chini, hapo ndipo uufungue nyuzi 45 hadi 90, kisha vuta kuelekea ncha ya kutafunia. Usisukume, maana unauzika ugaga ndani. Vuta fupi fupi, wima halafu mshazari halafu mlalo, hadi mzizi uhisike kama kioo chini ya kifaa.

Angalia pia namba. Gracey ina makali yanayofanya kazi upande mmoja tu, na 13/14 imetengenezwa kwa uso wa nyuma wa magego. Uso wa mbele unataka 11/12, meno ya mbele 5/6. Ukiwa na 13/14 peke yake, sehemu kubwa ya mizizi haijaguswa hata kama umetumia saa nzima.

Kabla ya yote, pima. Zungusha probu sehemu 6 kwa kila jino, kwa mkono mwepesi sana. Mbwa hadi 3 mm ni kawaida. Paka hata 1 mm ni mwisho. Williams haina alama ya 4 wala ya 6, wengi huhesabu vibaya hapo. Na fizi ikiwa imeshuka, jumlisha mshuko huo na kina cha mfuko, la sivyo utaandika 3 mm wakati jino limepoteza 6.

Kinoo_Baridi (Lindi)
Naongezea: kyureti butu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Haiung'oi ugaga, inaulainisha juu tu ukawa kama umepigwa vanishi, probu ikipita hautambuliki tena.

Lete makali kwenye taa. Ukiona mstari mweupe unaong'aa ukingoni, ni butu, kwa sababu ukingo mkali hauakisi mwanga. Shika kyureti uso wake ukiwa sambamba na sakafu, simamisha kinoo nyuzi 90, kiegemeze nje hadi 100 au 110, kisha pitisha juu na chini ukimalizia kwa kushuka ili usiache uzi wa chuma ukingoni. Kinoo cha Arkansas kinataka mafuta, cha kauri kinataka maji. Jaribu kwenye bomba la sindano la plastiki: makali yakikwama na kukwangua, yapo, yakiteleza, rudia.

Kutu ni chumvi. Pwani hii hewa yenyewe inatosha, ukiongeza Jik umemaliza kazi, kwani klorini hutoboa hata chuma kizuri. Osha kwa brashi na sabuni laini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi (distilled), hata yale ya kuongezea betri, si asidi yake, kausha maungio yakiwa wazi, tia mafuta ya vifaa vya upasuaji, ndipo upeleke kwenye mvuke 121 °C kwa dakika 20. Ukifungia kwenye boksi kikiwa na unyevu, kesho utakuta madoa.

Ruvuma_DVM
Mnazungumzia makali, nusu kaputi mmeipita. Ketamini na zailazini bila mrija wa kupumulia wenye puto ni hatari hapa: maji, damu na vipande vya ugaga vinaelekea mapafuni. Weka mrija, jaza puto, pakia gozi (shashi) kooni ukiwa umeifunga uzi unaoning'inia nje ya mdomo (gozi husahaulika, hiyo si hadithi), kichwa kiwe chini kidogo ya mwili.

Ukimaliza, ng'arisha. Skela huacha mikwaruzo, na utando wa bakteria hupenda mikwaruzo. Unarudi ndani ya saa 24. Kikombe cha mpira, chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika, sekunde chache kwa jino, dawa ya kung'arishia ya kutosha. Kisha suuza mifuko kwa klorheksidini 0.12%. Vipande vinavyobaki humo ndivyo vinavyoleta jipu.

Chikongola_Mifugo
Ahsanteni sana. Nimepima upya: gego la 208 (lile kubwa la juu kushoto) lina 7 mm upande wa nyuma, na probu inapita katikati ya mizizi. Kyureti tena?

Msimbati_Vet
Hapana. Mfuko uliopita 5 mm hausafishiki kwa kufunga macho, unataka kufunua fizi, na probu ikipita katikati ya mizizi jino hilo ling'olewe. 208 lina mizizi 3, kwa hiyo likate vipande 3 kwa keekee ya mashine yenye maji, ukianzia penye mwachano wa mizizi kwenda kwenye ncha ya kutafunia. Kisha nyanyua kila mzizi peke yake, ushikilie nguvu sekunde 10 hadi 15 kabla ya kugeuza. Ukililazimisha zima, mzizi unakatikia ndani.

Mwenye ghala mwambie mswaki kila siku, na asitumie dawa ya meno ya binadamu: mbwa huimeza, na yenye zailitoli inaweza kumuua.