Mjadala: Je, ni kosa kutumia Kiswahili tunapofundisha kusimulia mambo yaliyopita kwa Kiingereza?

Ndugu walimu na wazazi wa Moshi, naomba tulijadili jambo hili kwa uwazi. Ziko sekondari huku kwetu ambako mwalimu wa Kiingereza amekatazwa kutamka neno la Kiswahili darasani, kwa hoja kwamba mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hataizoea lugha mpya asipolazimishwa kuitumia. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, katika kuandika mambo yaliyopita, naamini katazo hilo linawaumiza watoto.

Nikiwapa kidato cha kwanza kazi ya kusimulia safari ya sokoni, daftari baada ya daftari huja na sentensi hii: "I went to Mbuyuni, buy bananas and return home." Tumezoea kuliita kosa hilo uzembe na kulizungushia wino mwekundu, nalo hurudi wiki inayofuata. Lakini tazameni Kiswahili chake: "Nilienda Mbuyuni, nikanunua ndizi, nikarudi nyumbani." Sisi hutaja -li- mara moja, kisha -ka- huendeleza masimulizi bila kuurudia wakati. Kiingereza hakina -ka-, hivyo kila kitenzi hudai alama yake. Mtoto huyu amefuata kanuni, ila ni kanuni ya lugha yake, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa zinatofautiana.

Akishaelewa hilo, huandika "did not went", kwa kuwa sasa anatia alama kila mahali. Hapo pia "sikuenda" humsaidia: wakati umekaa kwenye -ku-, kitenzi chenyewe hakikuguswa, kama ambavyo "did" huubeba wakati na kuiacha "go" ilivyo.

Sitetei kipindi kizima cha Kiswahili. Hilo nalo ni kumdhulumu mtoto, maana mtihani wake utakuwa wa Kiingereza. Natetea dakika kumi za sentensi mbili ubaoni, kisha waandike kwa Kiingereza pekee juu ya jambo wanalolijua, kwa mfano moto uliowaka Mlima Kilimanjaro Oktoba 2022.

Mnaokataa hata dakika hizo kumi, naomba mtueleze: mnamfafanulia vipi mtoto, kwa Kiingereza ambacho bado hana, kwa nini "buy" yake ni kosa?