Sungura wangu ana vidonda nyayoni, nimtandikie nini?

BintiTabata:
Habarini wakuu. Naomba ushauri, na aliyewahi kufuga sungura ndani ya nyumba asinipite bila kusema neno.

Nina sungura mmoja, dume, mweupe, mwanangu anamwita Pamba. Ana mwaka na nusu, kilo nne kasoro. Nilipomnunua nilipewa na kizimba chake, chini nyaya tupu, kinyesi kinadondokea kwenye trei. Nikaona ndio usafi. Wiki iliyopita namkuta ameegemea mbele, ananyanyua mguu mmoja wa nyuma, anaushusha, ananyanyua mwingine, kama mtu anayekanyaga mchanga wa saa saba mchana. Nikampakata nikamgeuza. Nyayo zote mbili za nyuma, upande wa kisigino, manyoya yametoka, pana duara jekundu kama sarafu ya shilingi mia. La kushoto limeshaota kigaga. Hakuna usaha, na chakula anakula.

Nimemtoa kwenye nyaya, lakini sakafu yangu ni tailizi, anateleza miguu inatawanyika. Nimewaza zulia, nimewaza maranda ya kwa seremala. Kipi kinafaa? Na kidonda nikipake nini? Roho inaniuma, miezi yote hiyo alikuwa anaumia na mimi sijui.

Mzee wa Zizi:
Weka kipande cha zulia, kwisha habari.

MfugajiThika:
Zulia hapana, ndugu yangu. Sungura atatafuna, na nyuzi zikiziba njia ya tumbo hawezi kuzitapika, maana sungura hatapiki kabisa. Pia kucha zinanasa kwenye vitanzi vya nyuzi.

Dada, pole. Sungura hana ile nyama nene ya chini ya mguu waliyo nayo mbwa na paka. Ana manyoya, ngozi nyembamba, halafu mfupa. Akiwa kwenye udongo au majani, kucha zinazama na uzito unagawanyika. Juu ya waya au tailizi hazina pa kuzama, uzito wote unarudi kisiginoni. Ndiyo maana kucha zikirefuka tatizo linazidi, kwa hiyo angalia zake kwanza.

Mimi nafuga sungura wa aina ya New Zealand White, wazito, na nyaya ninazo kwa sababu wako wengi. Lakini kila kizimba kina ubao wa kulalia uliopigwa randa vizuri, na kila ubao una pacha wake: mmoja ndani, mwingine juani unakauka. Ukiwa na sungura wa aina ya Rex ni kazi zaidi, manyoya yao ya nyayoni ni mafupi sana.

BintiTabata:
Kucha ni ndefu kweli, zimeanza kujikunja. Na maranda je?

Tabibu wa Mifugo:
Maranda yategemea yametoka kwenye mbao gani. Ya mbao zilizotiwa dawa usiguse, wala vumbi la MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, lile lina gundi. Nyasi kavu nyingi ni bora, na akizila ni chakula chake.

Kidonda: chemsha maji, yapoe, nusu lita weka kijiko cha chai cha chumvi. Mwoshe mara mbili kwa siku, kisha mkaushe kabisa kwa kitambaa safi. Usikate manyoya yanayozunguka kidonda, ndiyo godoro lake. Ondoa mkojo kila siku, unyevu wake unalainisha ngozi mpaka inachanika.

Na hili nakuomba ulishike: usiende dukani kununua amoksilini ukampa kwa mdomo. Dawa za jamii ya penisilini zikipita tumboni zinaua vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula, anaharisha, anakufa. Mguu ukivimba, ukiwa wa moto, ukitoa usaha, au akigoma kula hata nusu siku, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Uchafu ukifika kwenye mfupa, kumponya ni kazi kubwa.

Mama Pangani:
Mwanangu, tailizi zako zifunike kwa mkeka wa ukindu, ule usiotiwa rangi. Chini yake tandika nyasi kavu nene, ukikandamiza kwa mkono ubonyee. Hatelezi, na akitafuna ni jani tu. Uwe na mikeka miwili ubadilishe, mmoja ukiwa kambani. Gunia usiweke, nyuzi zake humfunga vidole.

BintiTabata (wiki tatu baadaye):
Shikamoo mama, na asanteni nyote. Kucha zilikatwa kliniki, nikaonyeshwa namna ya kukwepa mshipa wa damu. Mikeka ni miwili, wa kwanza ameshautafuna pembe mbili. Kigaga kilidondoka juzi, chini pana ngozi kavu ya waridi, na pembeni manyoya yanachipua kama vumbi la unga. Mguu wa kulia umebaki na wekundu kidogo, naendelea na chumvi.

Leo mchana nimemkuta amelala ubavu katikati ya mkeka, miguu ya nyuma ameinyoosha yote. Tangu nimnunue sijawahi kumwona amelala hivyo.