Wakuu, huyu Kuleshov alifundishaje sinema bila filamu?

Kinyozi_wa_Klipu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi napiga video za harusi hapa Morogoro, mwaka wa saba sasa. Mwezi uliopita nimepata kesi. Kwenye video ya sherehe moja niliweka bibi harusi anapeleka keki kwa wakwe, nikachomeka uso wa mama mkwe sekunde tatu tu, kisha nikarudi kwa bibi harusi anapiga magoti. Uso wenyewe niliuchukua nusu saa kabla, mama wa watu katulia zake, mwenyekiti wa kamati anahutubia na chakula hakijaja. Hakununa, hakucheka. Video ilipofika kwenye kundi la familia, moto: "Mama kamdharau bibi harusi mbele za watu!" Bwana harusi kagoma kunimalizia hela yangu.

Jamaa mmoja aliyesomea mambo haya alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nimefanya jaribio la Mrusi anaitwa Kuleshov bila kujua, na kwamba bwana huyo alikuwa anafundisha sinema bila filamu. Bila filamu kivipi? Mwenye kujua anieleweshe taratibu, mimi shule yangu ni kidato cha nne na YouTube. Nawasilisha.

Mama_Projekta

Mwanangu, pole kwa hela, ila hukudanganywa.

Lev Kuleshov alizaliwa 1899. Mapinduzi ya 1917 yalimkuta kijana mdogo, kazi yake kubuni mandhari za studio. Agosti 1919 Lenin akatia saini amri ya kutaifisha sinema, na mwaka huohuo ikafunguliwa shule ya filamu Moscow, hii ambayo leo inaitwa VGIK. Lakini nchi ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, wenye studio wengi walishakimbia na vifaa vyao, na filamu mbichi, yaani mkanda mtupu wa kupigia picha, ilikuwa ya kuagiza nje. Mwalimu ana miaka ishirini na kidogo, darasa limejaa, cha kupigia hakuna.

Basi wakaigiza filamu jukwaani. Kisa kinakatwa vipande vifupivifupi kama shoti, pazia na taa ndizo zinafanya kazi ya mkasi. Mwigizaji anafunzwa mwili kwanza: mkono uende wapi, kichwa kigeuke kiasi gani, mtazamaji asome tendo mara moja bila maneno. Na darasa lenyewe lilikuwa kituko! Pudovkin alisomea kemia na alishakuwa mateka wa Wajerumani. Barnet alikuwa bondia. Khokhlova alikuwa mjukuu wa tajiri Tretyakov, yule mwenye jumba la michoro. Hao ndio baadaye walitoa filamu zinazosomwa mpaka leo.

Kuhusu mama mkwe wako: Kuleshov alichukua kipande cha zamani cha uso wa Ivan Mozzhukhin, nyota wa enzi za mfalme, uso mtulivu tu. Akauunga na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na picha ya tatu. Uso ni uleule. Watu wakasifu alivyoonyesha njaa, alivyoonyesha huzuni. Mozzhukhin mwenyewe aliishia Paris, hajui habari ya supu yoyote.

Mimi nalipenda zaidi lile jingine. Mwanamume na mwanamke wanatembea sehemu mbalimbali za Moscow, wanakutana, wanashikana mikono, wanatazama kitu. Kinachoonekana ni Ikulu ya Marekani, imekatwa kwenye filamu ya Kimarekani. Halafu wanapanda ngazi, na ngazi ni za kanisa la Moscow. Mtaa ambao haupo duniani, umejengwa kwa gundi.

Kipanga77

Mama umeeleza vizuri, ila niongeze chumvi. Hilo jaribio la uso halipo tena, tunategemea masimulizi, na masimulizi yanapishana. Pudovkin anasema picha ya tatu ilikuwa mtoto anacheza na dubu wa kuchezea. Kwingine unasikia ni mwanamke kwenye kochi. Kwa hiyo kula na akili yako.

Pia sifa zote anapewa Kuleshov, wakati kuna mama anaitwa Esfir Shub. Kazi yake ilikuwa kukata upya filamu za nje ziwafae Wasovyeti. Eisenstein, mwongozaji mkubwa wa Kisovyeti, alikaa naye mezani wakakata upya Dr. Mabuse, filamu ya Mjerumani Fritz Lang, na hiyo ni kabla Eisenstein hajatoa filamu yake maarufu ya Potemkin ya 1925. Halafu 1927 Shub akachukua picha za zamani, zikiwemo za familia ya mfalme zilizopigwa na wapiga picha wake mwenyewe, akaziunga na za wakulima na wafanyakazi, akatoa filamu ya kuanguka kwa ukoo wa Romanov. Mfalme kasutwa kwa video ya nyumbani kwake! Mkuu Kinyozi, wewe umefanyia familia moja, wenzako walifanyia dola.

Pwani_Kwetu

Kwa faida ya wengine: na waongozaji wa filamu wa Kiafrika walipita huko. Sembène wa Senegal alijifunza Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Souleymane Cissé wa Mali na Sissako wa Mauritania walisoma hapohapo VGIK.

Kinyozi_wa_Klipu

Nimerudi wakuu. Mama Projekta, shikamoo. Jumapili nimewakusanya watoto wa dada yangu, nikatundika khanga mbili uani, nikawaambia tunafanya filamu, kamera hakuna. Kisa: mtu anaiba embe. Pazia la kwanza, mkono. Pazia la pili, embe. La tatu, uso wa mdogo wao wa miaka minne, ambaye hakuambiwa afanye nini, katoa macho tu. Majirani waliokuwa ukutani wakapiga kelele: "Mwizi huyo!" Mtoto akaanza kulia.

Usiku nikaifungua ile harusi. Nikamtoa mama mkwe kwenye keki, nikamhamishia baada ya wale watoto wadogo waliokuwa wanacheza mbele ya meza kuu. Sekunde zilezile tatu, sijagusa kitu kingine. Nikaituma.

Jana bwana harusi kapiga. Hela imeingia, na akauliza: "Kaka, hii ya mama anatabasamu ulikuwa umeificha wapi?"